Kicheko cha Sine ya Magari

Siku hizi ukienda Simi-Simi, karibu na uwanja wa zamani wa ndege, ukauliza sine ya magari, yaani sinema ya kutazama ukiwa garini, ilikuwa wapi, utaonyeshwa nyumba za watu na kanisa la mabati. Ukuta mweupe uliorushiwa picha ulibomolewa, matofali yake yakajengewa vyoo. Hilo halimuumizi Zakaria, aliyekuwa akieleza filamu pale. Kinachomuumiza ni kwamba ukuta umekwenda, lakini neno alilolisema mbele yake limebaki.

Sine hiyo ilifunguliwa na mfanyabiashara mmoja Mgiriki katika miaka ya themanini. Wenye magari waliegesha nyuma, wakatazama filamu bila kushuka. Wasio na magari, yaani karibu mji mzima, walikaa mbele kwenye mikeka wakitafuna karanga. Filamu zilikuwa za Kifaransa, na watu wa mikeka hawakukijua. Basi Mgiriki akamwajiri Zakaria, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye mdomo kama redio, asimame na kipaza sauti awaeleze kwa Kiswahili. Tuseme ukweli: Kifaransa chake nacho kilikuwa cha kuombea maji. Pale asipoelewa alitunga, na ili utunzi unoge aliwapa watu wa filamu majina ya watu wa mtaani. Jambazi akawa fundi fulani wa baiskeli, malkia akawa mama muuza mikate. Waliotajwa walicheka kuliko wote, na kesho yake sokoni wakatembea kifua mbele. Mpaka ilipofika zamu ya Osée.

Osée alikuwa mvushaji wa mtumbwi kwenye mto Tshopo. Mwaka mmoja mtumbwi wake ulipinduka ukiwa na abiria wawili: mama Adeline, muuza mihogo, na Zakaria mwenyewe. Mama Adeline alizama. Mji ukanong'ona kwamba Osée aliogelea kuokoa roho yake tu. Shahidi pekee alikuwa Zakaria, naye alijua yote: Osée alimshika yeye kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akamburuta hadi ukingoni huku Zakaria akilia na kumkaba shingo, kisha akarudi majini mara tatu, mpaka akawa anatapika maji. Lakini watu walipomuuliza, nyota wa sine aliona haya kusema kwamba alilia. Akasema hakumbuki kitu, alikuwa amezimia.

Miezi miwili baadaye, katika filamu, mwanamume aliruka kutoka kwenye meli inayozama akamwacha mwanamke. Zakaria hakufikiri, mdomo ulitangulia.

"Munamuona Osée," alisema kwenye kipaza sauti. "Anaogelea, hata nyuma haangalie."

Mikeka yote ililipuka kwa kicheko. Hata magari yalipiga honi. Osée alikuwa amekaa mstari wa tatu. Aliinuka, akakung'uta suruali yake, akatoka taratibu bila kumtazama mtu. Tangu hapo hakuna aliyetaka kupanda mtumbwi wake, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amehamia Basoko, mji wa mbali.

Zakaria alijiambia kwamba yatasahaulika. Petroli ikaadimika, magari yakapungua, sine ikafa, naye akawa fundi viatu mwenye wajukuu. Mwaka jana mjukuu wake Nasra alikuwa akimsimulia habari za rafiki yake, aliyekimbiwa na mchumba mara tu alipougua.

"Ule mwanaume iko Osée tu," Nasra akasema.

"Osée nani?"

"Hapana mutu, koko," akamjibu babu yake. "Banasemaka vile. Mutu anakimbia, banamuita Osée."

Zakaria aliona aibu mbele ya mtoto asiyejua lolote, aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Alikuwa amemchukua mtu aliyemwokoa, akamgeuza tusi la watu ambao hawajawahi hata kumwona. Wiki ile ile akapanda baleinière, mashua ya mbao yenye mota, akateremka mto mkubwa hadi Basoko.

Alimkuta Osée, sasa mzee wa mvi tupu, amekaa mlangoni akishona wavu. Osée alimtambua hata kabla hajajitaja, akamtolea kiti.

"Julie," alimwita binti yake, "ule muzee wa sine, nilikuambiaka, amefika. Lete maji anawe, na samaki."

Ukarimu ule ulimchoma Zakaria kuliko fimbo. Akaona akila kwanza hataweza kusema tena.

"Yaya Osée," alisema, akimwita kaka kwa heshima, "siku ile ya mtumbwi, miye sikuzimia. Niliona yote. Nilijua ni weye ulinitoa ku mayi, na ulirudi kumutafuta mama Adeline. Nilijua hata wakati nilisema ile maneno ku sine. Unisamehe."

Osée akaweka wavu chini. Zakaria akangoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani.

"Batoto yangu banaulizaka juu ya nini sikukuchukia," mzee akasema mwishowe. "Nilibaambia: Zakaria alizimia ku ukingo, akasahau yote. Kama angejua, hangesema vile. Miaka arobaini ninasema vile, na ilinisaidia." Akamtazama mgeni wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Alors, sasa nitabaambia nini?"

Julie alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya kunawa. Aligeuka, akarudi nalo ndani.