Hodi Kwenye Bomba la Chuma

Shemeji yangu tulimwita Sikio. Jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa masikio, maana yake yalikuwa ya kawaida tu, alipewa kwa kazi. Alikuwa mtu wa idara ya maji, na kazi yake ilikuwa kutafuta mahali bomba linapovuja chini ya ardhi kabla maji hayajatokeza juu. Kifaa chake kilikuwa fimbo ya chuma yenye kichwa cha mbao. Aliisimamisha juu ya bomba, akaweka sikio kwenye ile mbao, akafumba macho, akaacha mdomo wazi kidogo. Mgeni akimkuta hivyo barabarani, ameinama peke yake anaisikiliza lami, alijua ameonana na mwendawazimu aliyevaa sare.

Kwetu aliingia kwa njia hiyohiyo. Alitumwa kutafuta uvujaji uani kwetu, akaupata siku ya kwanza, akauziba siku ya kwanza, kisha akaendelea kuja. Mama alimvumilia kwa muda, mwisho akamuuliza, "Baba, bomba gani hili linalovuja kila Ijumaa saa ya chai?" Dada yangu alikuwa jikoni, amejiziba mdomo kwa kiganja asicheke kwa sauti. Hawakukaa sana wakaoana.

Mimi nilimtania kama shemeji anavyotaniwa. Nilisema ndani ya nyumba yake inabidi watu wasengenyane kwa ishara. Dada naye alikuwa na lake: "Mabomba unayasikia yakiwa chini ya ardhi, mimi nimesimama mbele yako hunisikii." Na ilikuwa kweli, akishavua viatu masikio yake yalikwenda likizo. Yeye alijitetea kwamba mabomba ndiyo wasengenyaji wakubwa kuliko sisi sote. Yanachukua neno la huku yanalipeleka kule, na anayeyasadiki bila kuyahoji atachimba barabara nzima bure.

Mji wetu umekaa mteremkoni. Juu kabisa kuna tangi la maji, na chini yake kidogo kibanda changu cha kushonea. Nyumba ya dada ilikuwa katikati ya mteremko. Mama alikaa mbali kule chini, ng'ambo ya korongo. Bomba moja la chuma, lililolazwa kabla hatujazaliwa, lilipita kote huko, kutoka tangini hadi uani kwa mama. Idara ilishataka kuling'oa iweke la plastiki, Sikio akabisha mpaka wakamwachia. Plastiki ni kiziwi, alisema.

Redio ilipotangaza kwamba kimbunga kimetoka baharini, tulicheka. Mambo ya bahari tuliwaachia wenye bahari. Huku juu hata anayejua kuogelea humpati. Hatukujua kwamba kimbunga kikiingia bara kinaanza kuchoka, na kikifika mlimani kinautua mzigo wote mahali pamoja. Ile haikuwa mvua ya kunyesha. Ilimwagwa, usiku na mchana, mpaka kuta za ndani zikaanza kutoa jasho.

Asubuhi ya msiba Sikio alikuwa tangini anahangaika na koki kuu. Mimi nilikuwa kibandani napandisha vitambaa juu ya meza visilowe. Dada alikuwa nyumbani kwake. Wengine wanasimulia kishindo, mimi sikukisikia. Nilichosikia ni cherehani. Ilikuwa inatikisika yenyewe, sindano inapanda na kushuka, na mguu wangu haukuwa juu ya kanyagio. Ikasimama. Halafu bomba la ukutani, ambalo nilikuwa nimeliacha wazi kwa kuwa halikuwa na maji, likaanza kuvuta pumzi. Ndefu, ya kukwama, kama ya mtu mwenye pumu. Nikatoka nje, na kwa jirani yangu nako bomba lilikuwa linavuta pumzi, na kwa jirani yake pia. Mtaa mzima ulikuwa unahema.

Chini yetu kulikuwa na ukungu. Ulipopanda kidogo tukaona kwamba katikati ya mteremko hakuna tena. Hakukuwa na paa wala mti wala kona ya barabara, tope tupu, jekundu, linang'aa, na juu yake kiti kimoja cha plastiki kimesimama wima kama kinamsubiri mtu. Mbwa walikuja mpaka ukingoni wakakaa. Hakuna hata mmoja aliyelikanyaga lile tope, na hawakubweka. Simu zilikuwa zimekufa, daraja la korongoni halipo, na habari za mama hatukuwa nazo. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikaniishia.

Sikio hakulia. Alishuka kutoka tangini akiwa na fimbo yake, akaenda mahali ambapo mvua ilikuwa imelifukua bomba, jirani na kibanda changu, akaisimamisha. Watu walimwonea huruma, walidhani akili zimeruka. Akasikiliza. Kisha akafumbua macho, akanishika mkono, akanivuta mpaka sikio langu likagusa ile mbao.

Ko, ko, ko.

Kimya. Halafu tena: ko, ko, ko. Mtu alikuwa anabisha hodi kutoka ndani ya mlima.

Sikio alichukua spana, akaligonga bomba mara tatu. Tukajibiwa, tatu. Akagonga tena, tukajibiwa tena. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Yuko jikoni," alisema. "Kuna lile bomba la jikoni, ameligusa. Dari limeshikilia, ana hewa." Yule mtu wa kulihoji kila bomba siku hiyo hakuhoji kitu. Mimi ningehoji nini? Mfa maji haachi kutapatapa.

Tukachimba, mtaa mzima, kwa majembe na mabeleshi, na wasiokuwa navyo kwa masufuria. Ukitoa karai moja mlima ulirudisha mawili. Giza lilipoingia hodi ilinyamaza, nikakesha nimeukumbatia mkoba wa dada aliokuwa ameusahau kibandani. Kulipopambazuka ikaanza upya, kwa nguvu zilezile za jana. Tulifurahi, sikatai. Lakini kulikuwa na mwashi mmoja, mzee mwenye mikono kama mizizi, ambaye alisimamisha beleshi lake akauliza polepole, "Huko chini amejuaje kumekucha?"

Nikaona wengine wanarudi nyuma hatua moja, wanalitazama bomba kama nyoka. Mwashi akaendelea: "Mtu akifukiwa nguvu zinapungua. Huyu hapungui."

"Wewe baba," nilimwambia, "kama unaogopa nenda ukachimbe kwako. Anayegonga ni dada yangu, ana jina na ana mume, na si jini wa mtu." Nilimfokea, na si kwa hasira peke yake. Kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeliona jambo hilo, na nilikuwa nimelisukuma pembeni.

Sikio alipoona kwamba kutoka juu hatutafika, aliamua kuzunguka mlima kwa miguu, kupitia msituni, mpaka upande wa mama. Huenda kule chini tope ni jembamba, alisema, na huenda kuna watu wa kusaidia, na mama naye ajulikane yuko wapi. Aliniachia fimbo na spana.

"Usiache, shem. Gonga tatu, usubiri, ugonge tatu."

"Nenda salama. Sitaacha hata nikiota mizizi."

Basi nikawa mimi na lile bomba. Niligonga, nikasikiliza, nikajibiwa. Ukungu ulishuka ukatufunika, wachimbaji nikawa nawasikia tu, siwaoni. Nilianza kuzungumza na dada kupitia chuma. Nilimwambia gauni lake la kijani limebaki pindo tu. Nilimwambia yule mteja aliyekuwa anabishana nami kuhusu kiuno chake amekubali kwamba kimeongezeka. Kila nilipomaliza neno niligonga, na kila nilipogonga alinijibu, na naapa nilimhisi. Nilihisi uvumilivu wake, ule wa kunisikiliza mimi mropokaji tangu utotoni bila kunikatiza. Nilikuwa nampenda dada yangu kuliko nilivyowahi kumwambia, nikamwambia siku ile.

Kesho yake, jua lilipokuwa juu, nikagonga, na kukawa kimya.

Nikagonga tena. Nikasubiri, sikio limebanwa kwenye mbao mpaka linauma. Nilichosikia ni damu yangu mwenyewe. Nikagonga haraka, nikagonga bila kuhesabu, spana ikanichubua viganja. "Mnachimba au mnapapasa?" niliwafokea wale watu kwenye ukungu. "Anatufia! Anatufia hapa!" Nikagonga.

Yaliyotokea ng'ambo saa ileile nilisimuliwa baadaye, na Sikio kwanza, halafu na mama.

Sikio alitokeza kwenye miti akaiona nyumba ya mama imesimama, ukuta mmoja tu umepasuka. Uani, kwenye bomba, mama alikuwa amepiga magoti, shavu lake liko juu ya chuma, jiwe liko mkononi. Nguo zake zilikuwa zimegandamana na tope lililokauka. Alipomwona mkwewe hakumsalimu.

"Njoo, baba, njoo usikie. Mwanangu yuko hai. Tangu mlima uanguke namgongea, ananijibu. Kukiingia giza nanyamaza apumzike, kukikucha namwamsha."

Sikio alisimama pale pale. Anasema alijua kabla mama hajamaliza. Mama aligonga tatu. Kutoka mlimani zikarudi tatu, safi, za spana, na yeye aliijua spana yake kama mtu anavyoujua mlango wa kwao. Siku zote hizo chini ya tope hapakuwa na aliyebisha. Walikuwa wamebishiana hodi wao kwa wao, yeye na mimi huku juu na mama kule chini, na bomba likipita kimya chini ya jikoni kwa dada.

Mama aliinua jiwe kugonga tena. Sikio akamshika mkono.

Zikaja tatu zangu. Zikaja nyingine. Halafu zikaja ovyo, mfululizo.

"Mbona unanizuia?" mama alisema. "Humsikii anavyoita?"

"Mama, huyo ni mdogo wake. Nimemwacha juu, nikampa spana."

Mama alikuwa hajui kama mimi nimepona. Sikio anasema uso wake ulifunguka kwa furaha, kisha furaha hiyohiyo ikageuka mbele ya macho yake, na hajawahi kuona kitu cha kutisha kama hicho.

"Mdogo yuko hai?"

"Yuko hai, Mama. Ndiye huyo."

"Na mkeo?"

"Hajagonga hata mara moja."

Mama aliliangalia bomba. Lilikuwa linatetemeka kwa mapigo yangu, kutu inapukutika juu ya magoti yake.

"Niachie mkono, baba," alisema. "Nimjibu mwanangu."

Na mimi kule juu, nimelala kifudifudi kwenye tope na fimbo sikioni, nikasikia ko, ko, ko. Niliitupa spana. Nikainuka, nikapiga vigelegele ndani ya ule ukungu, nikawaambia, "Yuko hai! Dada amejibu, chimbeni!" Na wote, hata yule mwashi, wakachimba.