Sahani ya Sombe kwa Mwenye Jina

Kila nikisikia harufu ya mawese yakichemka, namwona mama akipanda ngazi za jengo letu kule mtaa wa Berea, ugenini, sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mikononi, mimi nyuma yake.

Bibi Mzungu wa ghorofa ya juu alikuwa na jina lile lile lililochongwa juu ya mlango wa jengo. Kwetu Kongo, mgeni huwapelekea kwanza chakula wenye jina la mahali, ndipo akae.

"Umwambie tunaomba kukaa kwa nchi ya ukoo wake," mama alisema. Nikatafsiri.

Bibi alicheka. "Mwambie mimi napanga tu, kama nyinyi. Jina ni la bonde moja Uskoti. Wengine walizaliwa nalo, wengine walipewa na mabwana waliowatumikia. Babu yangu aliokotwa huko bondeni akiwa mtoto mchanga, wakamwita hivyo. Mimi mwenyewe sijawahi kufika huko."

Mama hakuishusha sahani. "Sasa tuombe nani? Kule ofisi ya makaratasi ya wakimbizi kila siku wanasema turudi kesho."

Nilipotafsiri, bibi aliipokea sahani kwa mikono miwili.

"Basi kaeni," akasema.

Tuliposhuka, mama alifungua mabegi ambayo tangu tufike hakuwa ameyagusa.