Madigadi ya Kushoto

Nikinusa rangi mbichi ya gari, namsikia baba akinifundisha kutambua magari ya mgongo wa kobe: "Rangi inadanganyanga, mama. Angalia bati."

Bendera yetu ya uhuru ilikuwa bado mpya. Gari letu la bluu lilikuwa na taa ndogo juu ya madigadi ya kulia, bati linalofunika gurudumu la mbele. Ya kushoto, iliyotolewa kwenye gari kuukuu, haikuwa nayo.

Siku moja baba akasema limepondeka huko Mumias, halifai tena. Mama alilia.

Wiki iliyofuata nikaliona mtaani Amalemba, jeupe, linanuka rangi, mlangoni pa mwanamke nisiyemjua. Madigadi ya kushoto haikuwa na taa. Koti la baba lilining'inia dirishani.

Jioni nikamwambia, "Baba, nimeona gari letu."

Alimega tonge la obusuma bila kuniangalia.

"Letu lilikuwa la bluu."