Baba Mdogo Ashike Simu

Nilisoma mpaka darasa la nne. Aliyenitoa shule namtaja wazi: ni baba mdogo, ili nikamwingie ndege, niwafukuze kwenye shamba lake la ulezi. Aliyenivunja mguu ni dereva wa lori la mahindi, alikuwa amelewa na sisi tumekaa juu ya magunia. Wenzangu wawili walifia palepale. Mimi nikabaki na mguu huu, na safari ya kutoka kwetu Mpui hadi mjini siiwezi tena.

Ndiyo maana nilishangilia maktaba ya mjini iliposema mtu anajiandikisha kwa simu akiwa kwake, halafu vitabu anatumiwa kwa basi. Sharti mkutubi akuone uso pamoja na kitambulisho chako, simu imetulia. Ukishindwa mara tatu, uende mwenyewe.

Siku hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na baba mdogo huyohuyo. Basi ashike simu, mimi kitambulisho, ningefanyaje?

Mkutubi akatokea, kijana mwenye adabu. "Shikamooni hapo!"

Huku kwetu salamu bila makofi si salamu. Mzee akainama, akapiga makofi. "Marahaba, mwanangu!" Simu ikadondoka kwenye ulezi ulioanikwa.

Mara ya pili nilimwonya kabisa. Ikarudi kwenye ulezi.

"Baba, ulinitoa shule kwa ajili ya ulezi, na leo unanifukia humohumo!"

"Sasa mgeni nisimwitikie? Mimi nimelelewa na nyani?"

Ilibaki mara moja. Kitambulisho nikakichomeka kwenye kilemba, juu ya paji la uso, ili mikono ibaki huru. "Shika kwa mikono miwili," nikamwambia. "Makofi nitakupigia mimi."

"Shikamooni tena!"

"Marahaba!" akaitikia mzee, nami nikapiga makofi, shingo nimeikaza, namkodolea macho mtu wa ofisi kama niliyekosa malezi.

Mkutubi alicheka mpaka akavua miwani. "Usitikisike, mama... Hapohapo. Tayari. Nimekuona."

Namba ya kadi ikaingia. Baba mdogo bado ameng'ang'ania simu, eti isije ikaanguka.

"Sasa utaazima kitabu gani?" akaniuliza.

"Cha darasa la tano," nikamjibu. "Na ndege utawawinga mwenyewe."