Maji Niliyosema Nimemwaga

Kosa ni langu. Nasema mapema ili msije mkaanza kunihurumia kabla ya wakati, huruma yenu ikapotea bure. Nilimharibia jina fundi mwaminifu kwa uvivu wa siku moja, halafu nikalizika kabisa jina hilo kwa bidii ya siku saba. Hiyo bidii ndiyo inayoniuma zaidi. Mtaona.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu ambao miguu huwawasha wasipotembea. Yangu huniwasha nikifika langoni. Mji wa Homa Bay nauona kutoka mlimani kwetu, mabati yake yanavyong'aa kando ya ziwa, na kuuona kunanitosha. Nilipoolewa katika boma hili, muda mfupi baada ya Uhuru, nilikuja na sanduku moja, vitambaa vya meza nilivyofuma mwenyewe, na Form Two yangu. Mama mkwe akanipa jina la nyar skul, binti wa shule. Alilitumia hasa siku nilizounguza mboga.

Mume wangu alikuwa karani huko Kericho na alikuja Krismasi kwa Krismasi. Rafiki nilikuwa naye mmoja tu, Mama Rispa, mke wa fundi Zakaria, majirani zetu. Urafiki wetu ulikuwa rahisi: yeye anakuja, mimi nipo.

Sasa nyumba ya baba mkwe ilikuwa ya matofali ya udongo, na ukuta wa upande wa ziwa ulikuwa umechoka. Jua la mchana lote lilikuwa lake. Mchwa walikuwa wamekula pembe moja, na nyufa zilikuwa zimefunguka hata mjusi alikuwa na mlango wake na dirisha. Mume wangu akatuma mifuko ya simiti, na Baba akamwita Zakaria.

Niwaambie kuhusu Zakaria. Alikuwa fundi wa mwiko mwepesi na maneno machache, na alishika Sabato kuliko mtu yeyote niliyemjua. Ijumaa jua likielekea ziwani, vyombo vinaoshwa, hata kama amebakiza kipande cha ukuta cha ukubwa wa sinia. Wazee wa kanisa lao walikuwa wamemwahidi plasta ya darasa jipya, na baada ya hapo nyumba ya mwalimu. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima, hatua chache kutoka kwake, baada ya miaka ya kutangatanga akitafuta kuta za watu. Wazee walisema tu kwamba wataona kwanza huu ukuta wetu unavyotoka.

Alibomoa pembe mbovu akaijenga upya, akaziba nyufa, akapiga plasta. Alimaliza Ijumaa, jua likiwa bado juu kidogo. Baba na Mama walikuwa wamevuka kwenda kisiwani Mfangano kwenye matanga, na hawangerudi kabla ya Jumatatu. Bomani nilibaki mimi. Zakaria akalowesha magunia, akayatundika ukutani kutoka juu hadi chini, kisha akaniita.

"Shemeji, kesho mimi sipo. Simiti inataka maji kama mtoto mchanga anavyotaka maziwa. Asubuhi, mchana, jioni. Magunia yasikauke."

Nikamtania kwamba kwa kuwa sitoki, hata ukuta ukilia nitausikia. Akacheka. Alinichagua kwa hilo hilo, kwamba mimi ni mtu wa kupatikana nyumbani!

Jumamosi ikaja na jua lake. Maji yalikuwa ziwani, chini kabisa, na mimi nilikuwa juu. Debe lilikuwa zito hata kabla halijaingia maji. Nikaketi kivulini na uzi wangu, nikaanza kufikiri, na hapo ndipo elimu iliponiponza. Nilijiuliza: kitu kinachotakiwa kikauke, unakimwagia maji kwa nini? Shuleni tulifundishwa kazi za nyumbani. Nguo ukitaka ikauke unaianika. Sahani ukitaka ikauke unaiinamisha. Zakaria hakufika hata darasa la tano. Labda alifundishwa hivyo na mtu mwingine ambaye naye hakufika.

Nikaenda kuugusa ukuta. Ulikuwa mgumu na wa moto. Nikajipongeza! Kisha, ndugu zangu, nikafanya jambo ambalo hata mvivu wa kawaida asingelifanya. Niliyatoa yale magunia ili jua lisaidie kazi. Niliyakung'uta, nikayakunja vizuri, nikayapanga. Nilimaliza kitambaa kizima siku hiyo. Kizuri sana, chenye maua.

Jumapili asubuhi nikaona nyufa. Zilikuwa nyembamba, nyingi, zimesambaa kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Nikakimbia ziwani, mimi nisiyekimbia, nikarudi na debe, nikalimwaga lote ukutani. Magunia nilikuwa nimeshayarudisha Zakaria alipoingia langoni. Akayasogeza, akaweka kiganja kwenye plasta, akasikiliza kama daktari. Aliniuliza kama jana nilimwaga maji. Nikasema nilimwaga.

Alishinda pale siku nzima akibeba maji mwenyewe.

Haikusaidia. Wiki haikuisha, plasta ukiigonga ilitoa sauti ya kibuyu kitupu, na kipande cha ukubwa wa mlango kikaanguka. Baba akawaita wazee wawili wa kanisa la Zakaria waje waone walichotaka kuona. Wakasimama mbele ya ukuta, Zakaria katikati, mimi kando nikiwa nimefunga kanga vizuri na kuinamisha macho kama mke mwenye heshima.

Baba mkwe hakuwa mtu wa makelele. Aliniambia kwamba fundi anasema plasta hupasuka hivi ikikosa maji siku ya kwanza.

"Wewe ulimwaga Jumamosi?"

"Nilimwaga, Baba. Mara tatu."

Lile la mara tatu hakuniuliza mtu. Niliongeza mwenyewe, kama mtu anayeongeza chumvi.

Akamgeukia Zakaria. "Umesikia. Unasema mke wa mwanangu ni mwongo?"

Nilikuwa natazama viatu vya Zakaria, vilivyokuwa na madoa ya simiti yetu.

"Siku ya Sabato nilikuwa kanisani," akasema. "Kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu, siwezi kusema hakikufanyika."

Basi mzee mmoja akauliza swali ambalo lilimmaliza: kama maji yalimwagwa, simiti ilikwenda wapi? Hawakumtukana, hawakumpeleka kwa chifu. Waliondoka polepole wakizungumza mambo mengine, na kila mtu akajua kwamba Zakaria amekula simiti.

Mtaniuliza mbona sikusema. Nilikuwa na miezi minne tu katika boma lile. Niliogopa kurudishwa kwetu na sanduku langu. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho nikajiambia ukuta wenyewe ukipigwa upya mambo yatasahaulika.

Ukapigwa upya. Alikuja fundi mwingine kutoka mjini, simiti ikatoka Kericho mara ya pili. Na safari hii, kwa majuto, nilibeba maji! Siku saba! Nilishuka na kupanda ule mlima hadi shingo ikakataa kugeuka. Magunia yalilowa hata yakaota ukungu. Mama mkwe alinihurumia akasema nyar skul amekuwa mtu. Ukuta ukatoka laini kama yai. Nikafikiri nimelipa kosa langu.

Mgeni wa kwanza alipokuja, Baba alimpeleka kuugonga ukuta, kisha akasema maneno ambayo baadaye aliyarudia kwa kila mgeni: "Jua ni lile lile. Maji ni yale yale. Mwenye kuyamwaga ni yule yule. Kilichobadilika ni fundi."

Niliganda na chai mkononi. Kila debe nililobeba lilikuwa ushahidi dhidi ya Zakaria. Kama ningekuwa mvivu mara ya pili pia, ukuta ungepasuka tena na yeye angepona. Mara moja maishani nilipofanya kazi kwa moyo wote, nilimmaliza mtu!

Darasa alipewa yule fundi wa mjini. Zakaria na familia wakahamia Migori, ambako hakuna aliyemjua, akaanza upya kama kibarua wa kuchanganya udongo. Mama Rispa hakuja kuniaga. Nilimngoja siku mbili nikiwa na maharagwe yamechemka, maana kungoja nakujua, halafu mama mkwe akaniambia mlango wao una kufuli.

Tangu hapo hakuna anayekuja kwangu. Nakaa nyumbani kama nilivyopenda siku zote, na nyumbani hapana raha.

Mwaka jana nilikwenda Migori kwa ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Nilitoka peke yangu hadi sokoni nikauliza, nikaonyeshwa Mama Rispa akiuza mboga. Amekonda. Nilijitayarishia hotuba njia nzima, na nilipomfikia nikasahau yote isipokuwa kwamba nilisema uongo kuhusu maji.

"Tunajua," akasema, akiendelea kufunga mafungu. "Zakaria alijua ile Jumapili. Ukuta uliolishwa maji haunywi hivyo. Alisema ulikuwa unayanywa kwa sauti, kama ng'ombe wa kiangazi."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Mimi nilimwambia aseme. Tuligombana naye juu yako, dada yangu, hata tukalala bila kusemezana. Aliona utarudishwa kwenu. Na kusema asichokiona, hilo hawezi."

Akampimia mteja mboga. Kisha akaniambia kwamba Zakaria hapigi plasta tena. Anajenga msingi tu, wa mawe, kwa sababu mawe akishayapanga hayaachi mkononi mwa mtu mwingine. Nikaanza kumwomba msamaha. Akanizuia kwa mkono uliokuwa na mboga.

"Usiniombe mimi. Mwambie baba mkwe wako, mahali pale pale uliposemea."

Nimerudi. Miezi inapita na bado sijamwambia.

Nyinyi mlio na ukuta mbichi kwenye jua kama hili letu, umwagieni maji, na msibishane na fundi kwa sababu mlisoma kuliko yeye. Lakini huo ni ushauri mdogo. Mkubwa ni huu: ukiulizwa mbele ya watu, jibu kweli siku hiyo hiyo, wakati kosa bado ni la ukuta. Ukichelewa linakuwa la mtu, na mtu huwezi kumpiga plasta upya.

Na wewe mhariri, jina langu usilichape, ingawa halitanificha. Baba mkwe hajui kusoma. Kila Jumapili mchana huketi kwenye kiti chake na mimi humsomea gazeti hili, nikilitafsiri kwa Kijaluo. Ukurasa huu wa maungamo ndio anaoupenda. Huwacheka wenye kuandika, huwahukumu mmoja mmoja, na akisikia ni mwanamke lazima aulize huyo ni mke wa boma gani, asiye na aibu namna hiyo.

Barua hii ikitoka, nitamsomea yote bila kuruka mstari. Akiuliza, nitamjibu.

"La kwako, Baba."