Jiwe la Mizani Nililolitupa Sanyuanli

Kaka yangu ana leseni ya kuwinda, na huko nyumbani Singida risasi zake alikuwa akizijaza mwenyewe. Aliniagiza mizani ndogo ya kupimia baruti. "Mdogo wangu, usiniletee takataka. Baruti ikizidi punje chache tu, presha ndani ya chemba inapanda ghafla, na bunduki haina huruma." Nikamjibu ninavyowajibu watu wote wa nyumbani: ondoa shaka, mimi niko China.

Niliinunua Sanyuanli, mtaa wa maduka huku China, kwa mama mmoja mwenye kibanda. Laoban, tulimwita, kama tunavyomwita kila mwenye duka. Mizani ilikuwa nzuri, nisimsingizie. Alifungua boksi, akatoa kijiwe cha chuma kwenye sponji, akakiweka juu ya mizani, akanionyesha namba. Akarudia. Mimi naitikia kwa kichwa, haya, haya, funga, nina haraka.

Siku ya kupakia kago nikafanya tunachofanya sote hapa: tunachana maboksi, tunatupa sponji na makaratasi, ili mzigo upungue. Mizani nikaibana katikati ya viatu. Kijiwe kikaenda na sponji, wala sikukikumbuka.

Kaka alipoipokea akapiga simu. "Jiwe la kuihakiki liko wapi?" Si ningesema tu nimelitupa! Angesubiri nimtumie lingine, yakaisha. Lakini mimi, mtu wa China, nionekane mjinga? Nikasema, "Hii ya kisasa, kaka. Haihitaji jiwe."

Akaniamini. Risasi ya kwanza tu, bolti ya bunduki ikawa ngumu kufunguka, na fataki kwenye kitako cha ganda imelala bapa. Alijua maana yake. Ndiye aliyenifundisha kuwa hizo ni dalili za presha kuzidi. Ila mizani ilisema sawa, na mizani imetoka kwa mdogo wake. Akapiga nyingine. Chemba ikapasuka. Jicho la kulia limekwenda, jamani. Limekwenda.

Juzi kanipigia tena. Hasira zake zote ziko kwa muuzaji. "Hawa watu wamenitoa jicho," akasema. "Wewe uliyeko huko, hebu niambie, walishindwa nini kusema ukweli?"

Nilikuwa nimesimama Zhanxi, sokoni, mikokoteni inanipita huku na huku. Mshenzi mimi. Nikamwambia, "Ndivyo walivyo, kaka."