Taa Iliyozimika Kivukoni

Ukimaliza kusoma, sema nimechanganyikiwa; wenzangu wa chuo walishasema. Mimi mwenyewe nimetafuta maelezo mengine mpaka nimechoka. Hakuna. Yalinipata mimi, mchana kweupe, ndani ya gari la mjomba.

Nilikuwa natoka Mwanza kwenda Sengerema kumchukua mama. Kesho yake alitakiwa kupasuliwa goti, na nafasi hiyo tuliisubiri muda mrefu. Usiku wa kuamkia safari mjomba alinipa funguo akasema, "Tangu umalize chuo hujanifaa kwa lolote. Kesho nifae." Unadhani nililala usiku ule?

Nikapita kivukoni, ndiko karibu. Utaratibu wa pale unaujua: abiria wote hushuka na kuingia kwa miguu, garini hubaki dereva tu. Mimi nilikuwa peke yangu tangu mwanzo. Naomba ulishike hilo.

Nilipopanda tu, taa ya njano ya upepo wa tairi ikawaka. Kijana anayepanga magari alikuwa anapiga boneti kwa kiganja: "Lete, lete! We dogo, hilo gari si yai!" Akanibana katikati ya lori la mchanga na basi dogo. Mlango haukufunguka hata upana wa mkono.

Hapo nikaanza kuwaza. Tairi likiisha upepo kabisa je? Nikikwama wakati wa kushuka, si watanitukana wote? Na mama akikosa nafasi yake? Chini ya usukani kuna kitufe: ukikishikilia mpaka taa ipepese, gari linaichukua hali iliyopo kuwa ndiyo sawa, na taa inazima. Sharti ukague matairi kwanza. Ningekagua vipi? Nikabonyeza, ili moyo utulie tu. Taa ikapepesa, ikazima.

Nyuma yangu mtu akashusha pumzi. "Ahsante, mwanangu."

Niamini, kwenye kioo nilimwona mwanamke mtu mzima, kitenge kimemganda mwilini, maji yanamchuruzika kidevuni. Nikafanya nini? Nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Tumefika?"

"Mama, abiria si hushuka?"

"Hata mimi waliniambia nishuke. Mvua ilikuwa kubwa, nikasema nitabaki humu humu." Akajipangusa kidevu. "Tumefika?"

Nikasukuma mlango, ukagonga lori. Nikashusha kioo, nikakutana na bati. Nikapiga kelele, injini ya kivuko ikazimeza. Maji yakanifika visiginoni, ya baridi, yana harufu ya ziwa. Na kila nilipofumba macho aliuliza tena, kwa upole, kama mtu anayeogopa kukusumbua. Tumefika? Tumefika?

Magurudumu yalipokanyaga ardhi ya ng'ambo, taa ikawaka. Nyuma hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa chapachapa. Fundi wa kwanza niliyemkuta alipima matairi yote manne, akasema hayana tatizo.

Kurudi, nilizunguka kwa daraja jipya ili nisikione kivuko tena. Mama aliketi nyuma, mguu ameunyoosha. Katikati ya daraja, ziwa kushoto na kulia, taa ikazima yenyewe. Nikamsikia mama anajivuta pembeni.

"Ungeniambia umepakia mtu," akasema. "Maskini, mbona kalowa hivi? Sogea huku, mwenzangu, nikufunike."

Sikugeuka. Nilikanyaga mafuta. Tulipomaliza daraja taa ikawaka, na mama akawa anapapasa kiti kilicholowa mpaka tunafika nyumbani Ilemela, Mwanza. Goti lilipasuliwa, likapona, namshukuru Mungu. Kanga aliyokuwa amejitanda siku ile hatujaiona mpaka leo.

Sasa mjomba amenifanya dereva wake wa Sengerema, na kazi nyingine sina. Kila akipanda ananiuliza, "Msomi mzima, hata kataa hako kanakushinda kuzima?" Hakanishindi. Ni kubonyeza tu. Lakini hebu fikiria: nikikazima, nitajuaje yupo? Kakiwaka, najua niko peke yangu. Kwa hiyo naendesha macho yakiwa pale kwenye kale kamwanga ka njano, naomba kasizime.

Nawe, gari lako likikuonya, shuka ukague. Usije ukaliambia kila kitu kiko sawa kabla hujageuka kutazama kiti cha nyuma.